Reli ya Peco Streamline kwa wajenzi wa treni za mfano: tathmini baada ya miaka minne

Miaka minne iliyopita nilinunua boksi moja la reli ya Peco Streamline ya Kodi 100, lenye vipande 25 vya milimita 914 kila kimoja, na karibu boksi lote sasa limetandikwa darini mwa nyumba ninayoishi hapa Uingereza. Kampuni inayoitengeneza ilianzishwa na Sydney Pritchard mwaka 1946 na iko katika kijiji cha Beer, Devon. Naipendekeza bila kusita kwa mtu anayejenga njia yake ya kwanza, ilimradi ajue kwamba reli hii humtaka mtandikaji awe makini sana kwenye maungio, kwa kuwa hapo ndipo treni inapoanguka na hapo ndipo umeme unapokatika.

Kodi 100 maana yake ni kwamba reli ina kimo cha milimita 2.54, ambacho ni kikubwa kuliko uhalisia unavyotaka, lakini kinayapokea hata magurudumu ya treni za zamani zenye kingo nene, ambayo kwenye Kodi 75, yenye reli ya kimo kidogo zaidi, huweza kugonga vishikizo vya plastiki vinavyoishika reli. Upana wa milimita 16.5 kati ya reli mbili unawakilisha sawasawa njia ya milimita 1,435 kwa kipimo cha 1:87, yaani njia kama ile ya SGR ya Mombasa hadi Nairobi. Anayetaka kuigiza reli ya zamani ya mita moja itambidi atafute njia ya milimita 12. Kwa Waingereza wenyewe, ambao treni zao nyingi ni za 1:76, upana huo ni mdogo na mataruma, yaani vipande vinavyolala chini ya reli, yamekaribiana kupita kiasi. Hiyo ni kasoro ya kweli kwa anayejali sura.

Faida kubwa ya reli inayonyumbulika kama hii ni kwamba kona inafuata mchoro wako, wala hulazimiki kufuata kipimo cha kiwandani. Hata hivyo, ukiikunja, reli ya ndani hujitokeza mbele ya ile ya nje, na lazima ikatwe. Mwanzoni nilikata kwa koleo la kawaida, nikaacha ncha iliyobonyea ambayo hata kiungo, yaani kibati kinachounganisha ncha mbili za reli, hakikuweza kuingia. Baadaye nilinunua koleo maalumu la kukatia reli, na kila ncha huipitishia tupa ndogo juu, chini na upande wa ndani, mpaka kidole kikipita kisihisi kitu. Vishikizo vya taruma la mwisho huvikata kwa kisu ili kiungo kipate nafasi, kisha taruma hilo nalipunguza unene na kulirudisha chini ya ungio baada ya kazi kwisha. Kwenye kona, njia bora niliyoijua ni kulehemu vipande viwili vikiwa bado vimenyooka na ndipo kuvikunja pamoja, kwani ungio lililokunjwa kwanza hufanya pembe ambayo hakuna gundi itakayoiondoa.

Mjomba wangu, aliyefanya kazi reli miaka mingi, alipotutembelea hakugusa kitu. Aliinama mpaka jicho likawa usawa wa reli, akafumba jicho la pili, akatazama kwa muda, kisha akaniambia, “Mwanangu, hapo kwenye kiungo cha tatu pamepinda.” Nilikuwa nimepita hapo mara kumi kwa rula bila kuona lolote. Tangu siku hiyo sipigi msumari wala kumwaga kokoto kabla sijainama hivyo pande zote mbili.

Kosa langu kubwa lilikuwa la joto. Nilitandika wakati wa baridi na kubananisha kila ungio, na ilipofika Julai, dari likiwa na joto kali, sehemu iliyonyooka ilipinda na kuinuka juu ya ubao. Kipande kimoja hurefuka kwa takriban milimita 0.3 joto likipanda nyuzi 20, na vipande kumi vikisukumana hufanya milimita tatu nzima. Sasa naacha pengo la unene wa kadi nyembamba kwenye sehemu zilizonyooka, sizilehemu kabisa, na kila kipande kina nyaya zake mbili zilizolehemiwa chini ya reli, ili umeme usitegemee viungo. Chuma cha kulehemu kiwe cha moto na mkono uwe mwepesi, la sivyo mataruma yatayeyuka. Kwa aliye pwani yenye unyevu, mbao ndizo zitakazomsumbua zaidi, kwa hiyo atumie plaiwudi nzuri na kuipaka rangi pande zote kabla ya kutandika.

Pointi za Peco, yaani sehemu za kubadilishia njia, zina springi inayozishika upande uliochaguliwa, na hazijanisumbua. Lakini unapobandika kokoto kwa gundi ya mbao iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, usiikaribishe gundi hiyo kwenye ndimi zake, yaani zile reli zinazosogea.

Matunzo ni machache. Reli yenyewe ni ya mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki, haishiki kutu kama chuma, lakini hujikusanyia uchafu mweusi. Naupangusa kwa kitambaa cha pamba kilicholowa pombe ya isopropili, kisha nasafisha na magurudumu, maana magurudumu machafu huurudisha uchafu wote kwa mzunguko mmoja. Msasa usitumike hata kidogo, kwa sababu mikwaruzo yake ndiyo inayohifadhi uchafu unaofuata.

Kwa upanuzi ninaoupanga nitaagiza aina ile ile ya Kodi 100, safari hii yenye mataruma ya zege, na nitaitandika katika majira ya joto.