TAHADHARI: Jamaa wa Boss RC-30 anazunguka Pwani, asiwaibie na nyinyi

Wanamuziki wa Malindi, Watamu mpaka Lamu, hasa nyinyi mnaopiga gitaa peke yenu hotelini, someni hii kabla hamjatuma hata shilingi. Kuna jamaa anazunguka na begi jeusi la mgongoni, na mimi aliniuzia lupa ya Boss RC-30, yaani pedali ya mguu inayorekodi unachopiga na kukirudia. Kanila Sh18,000, na nilichoachiwa ni mzoga wa chuma.

Tangu mwenzetu wa kibodi aende Doha napiga peke yangu na biti za simu, midundo iliyorekodiwa tayari. Nimezichoka. Wazungu wakiinuka kucheza, ukataka kuongeza ubeti, biti haina habari na wewe, inakatika palepale umeachwa mdomo wazi. Lupa inakufuata. Unapiga kodi (chords) zako za gitaa, unakanyaga, zinarudi zenyewe, unapiga solo juu yake mpaka wachoke wao.

Na sikukurupuka. Ditto, lupa ya kampuni nyingine, naijua, ni nzuri na ni ndogo, lakini ina swichi moja na tundu la gitaa tu, maiki huna pa kuichomeka. RC-30 ina njia mbili, unaweka mdundo huku na gitaa kule, unazima moja utakavyo. Maiki inaingia, simu inaingia. Umeme ukikatika ufukweni inakula betri sita ndogo na kazi inaendelea. Mpya hazitengenezwi tena, RC-500 ndiyo iliyoshika nafasi yake tangu 2020, na bei ya hiyo mfuko wangu hauifikii. Sasa iliyotumika kwa Sh18,000, shida iko wapi? Wanaoniambia "bei ilitakiwa ikushtue" hawajawahi kununua hata plektra ya kupigia gitaa.

Sikilizeni alivyonifanya. Alikuja nyumbani Shella baada ya alasiri. Kofia ya vito, lafudhi ya Kiamu, heshima imemjaa. Akamwamkia mama shikamoo, akavua viatu mlangoni, akaletewa soda akasema hapana mama, maji yanatosha. Akaniuliza napiga na maiki gani. Nikamwambia. Akasema hiyo haihitaji ule umeme wa 48V ambao pedali hupeleka kwenye maiki, kwa hiyo uzime. Tapeli gani anakwambia hivyo? Mtu akijua kazi unamheshimu, ndivyo tulivyolelewa.

Akatoa pedali, akaifuta vumbi kwa kitambaa cha miwani. Akachomeka adapta yake, gitaa langu, amplifaya yangu. Akapiga kodi nne, Am, F, C, G, polepole, huku ananitazama usoni anatabasamu. Mguu ukashuka kwenye pedali. Akaendelea kupiga. Halafu, bila hata kusema kitu, akainua mikono yote miwili juu kama aliyeshikwa na polisi, gitaa linaning'inia kwenye mkanda, na gitaa bado linapiga! Am, F, C, G. Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi kuangalia nani mwingine amekuja. Jamaa akacheka, "Mama, hilo ni jini la mwanao." Akarudisha mikono, akashusha solo juu ya kodi zile, na walahi solo yenyewe tamu.

Mimi nilikuwa naangalia vidole. Mpiga gitaa yeyote anaangalia vidole. Semeni ukweli, nani kati yenu angeangalia mguu?

Nilipomwambia nipe na mimi nipige, simu yake ikalia. Kuna mteja anamngoja Casuarina, ana pesa mkononi, "kaka, sema ni yako au nimpelekee." Nikatuma. Ujumbe ulipoingia akanipa mkono, tena kwa mikono miwili. Mikono miwili, jamani!

Usiku nikakaa nijaribu chakacha. Ile ni sita kwa nane, ukikanyaga umechelewa kidogo tu mzunguko unachechemea, kwa hiyo nilitaka niizoeshe miguu yangu mapema. Nakanyaga: Am, F, C, G. Ya kwake! Gitaa langu hata sijaligusa. Nikahamia nambari tupu ya kuhifadhia, nikapiga, nikakanyaga. Kimya. Nambari nyingine, kimya. Kilichohifadhiwa inacheza, kurekodi hairekodi kabisa. Yaani mtu kaja na mzunguko wake umo ndani tayari, akauigizia sebuleni kwangu, mbele ya mamangu, akanywa na maji yetu.

Huyu ni wa kufungwa. Si kuonywa, si kuitiwa wazee, ni kufungwa. Na kabla ya kufungwa arudishe pesa, na apitishwe kwenye kila hoteli kuanzia Silversands mpaka Watamu akiwa amebeba hiyo pedali kichwani, kila mpiga gitaa amwone. Mtu anamwamkia mama yako shikamoo huku anakuibia! Polisi nimeshaandikisha OB. Msinishauri mambo ya kurudishiwa pesa kwa simu, utaratibu ule ni wa aliyekosea namba, na mimi namba sikukosea, niliitia kidole moja moja akinisomea.

Sasa, mpwa wangu alikuwa anamchukua video kwa simu siku ile. Nimeitazama tena na tena. Taa ya pedali ilikuwa kijani tangu mguu uliposhuka. Kurekodi ni nyekundu, kijani ni kucheza. Nyekundu haikuwaka hata mara moja. Kwa hiyo mtu yeyote akikuletea lupa, chagua mwenyewe nambari tupu, shika gitaa mwenyewe, piga upuuzi wowote ambao muuzaji hawezi kuubahatisha, au kohoa kwenye maiki, uone kama kikohozi chako kinarudi. Na adapta isomeni. Boss ni 9V, hasi katikati ya plagi. Ya huyu jamaa niliigeuza usiku ule nikakuta imeandikwa 12V, ya ruta ya intaneti. Jina lililotokea kwenye M-Pesa lilikuwa la mwanamke, akasema ni mkewe. Kibandiko cha namba ya kiwandani chini ya pedali kimekwanguliwa, lakini hilo unaweza kulikuta hata kwa muuzaji mwaminifu, sijui.

Pedali ninayo mimi, kwa hiyo akija kwako atakuja na kitu kingine. Juzi ameonekana Watamu, begi lile lile, anauza mikisa ya sauti ya njia nne na anasema anavuka Lamu wiki hii. Watu wa Mokowe, mtazameni anapopandia boti. Namba yake imezimwa, msiniombe. Video ninayo, anayeitaka aniandikie faraghani nimtumie sasa hivi.