Gia ya bawaba ilikatika jino, nami nikaambiwa nimeilazimisha simu

Nilianza kuandika haya nikiwa nimeshaamua kumwonya kila mtu asinunue simu ya kukunja, na sina hakika kama nitafika mwisho nikiwa na uamuzi huohuo. Kilichonikasirisha ni bawaba. Kioo, kamera na betri sitaviongelea, kwa sababu havikuniudhi.

Miezi ya mwanzo niliipenda simu hii kwa jambo ambalo wengi hawalitazami: ukishika upande mmoja na kuufungua, upande wa pili unafunguka kwa pembe ileile, bila kutangulia wala kuchelewa. Kazi hiyo hufanywa na gia zilizofichwa ndani ya uti wa simu. Kila upande una mhimili wake wenye gia, na gia mbili zilizoshikana meno huzunguka kinyume, jambo linalotakiwa ili pande hizo zikutane. Lakini gia mbili peke yake zingelazimika kuwa na kipenyo kilicho sawa na umbali kati ya mihimili, na uti ungevimba. Kwa hiyo wabunifu huweka gia mbili ndogo katikati, zikawa nne katika mstari, kila moja ikiwa na theluthi tu ya kipenyo kile. Zingekuwa tatu, pande zote mbili zingezunguka kwa mwelekeo mmoja na simu isingefungika kabisa. Nilipolielewa hilo niliiheshimu simu yangu kuliko kifaa chochote nilichowahi kumiliki.

Kisha siku moja, sikumbuki vizuri ilikuwa mwezi gani, nilisikia mlio mdogo mkavu, kama punje inayosagwa, na tangu hapo upande wa kushoto ukawa unachelewa. Nikiifunga, kingo hazikulandana. Upande mmoja ulitokeza kwa unene wa ukucha. Hata hivyo, nikiiacha nusu wazi ilisimama imara vilevile, kwa kuwa kuishikilia simu katika pembe fulani ni kazi ya springi na vipande vya chuma vinavyosuguana, wala si kazi ya gia. Nilijua basi kwamba ugonjwa uko kwenye meno.

Niliipeleka kwenye kituo cha huduma cha kampuni iliyoitengeneza, nikiwa na risiti na kipindi cha dhamana hakijaisha. Mhudumu hakuifungua. Alipitisha kidole gumba kwenye ukingo mara moja, akanirudishia akisema, “Ndugu mteja, umeilazimisha.” Nilimweleza kwa utulivu kwamba haijawahi kuanguka na kwamba naifungua kama kila mtu anavyofungua. Akajibu kuwa nilikuwa naisukuma kwa upande mmoja, huo ni uharibifu wa mtumiaji, na dhamana haihusiki. Alishaanza kumwita mtu aliyekuwa nyuma yangu kabla sijafungua kinywa.

Neno hilo halijanitoka moyoni hadi leo. Gia zile zimewekwa humo kwa sababu mkono wa mwanadamu hausukumi pande mbili kwa nguvu iliyo sawa! Nguvu ya kidole kimoja hupita kwenye meno na kwenda kuugeuza upande wa pili. Hiyo ndiyo kazi yao yote. Ikiwa kufungua kwa upande mmoja ni kosa, bawaba hii basi ilibuniwa kwa ajili ya nani? Tangazo lilijivunia kukunjwa mara 200,000, ambazo kwa mtu anayefungua simu mara mia kwa siku ni zaidi ya miaka mitano. Mimi sikufikisha hata mwaka.

Fundi mmoja wa mtaani ndiye aliyekubali kuifungua mbele yangu, akaniwekea gia chini ya kikuza. Jino moja lilikuwa limekatika kwenye shina, na majirani zake wameliwa upande mmoja, huku punje za vumbi zikiwa zimebanwa katikati. Meno hayo hayafiki milimita moja kwa kimo, na nafasi kati yao ni finyu kwa makusudi, kwa maana ikiwa pana gia zitacheza na pande za simu zitapoteana. Punje moja ngumu inatosha kulibebesha jino moja mzigo wa yote. Nilirudi kusoma sanduku la simu, nikaona alama ya IPX8: namba 8 inahusu maji, na ile X inamaanisha kuwa kinga ya vumbi haikutajwa.

Wala hatari hiyo si ngeni kwa watengenezaji. Mwaka 2019 Samsung iliahirisha kutoa Galaxy Fold, na miongoni mwa mambo iliyorekebisha ni mianya ya kuingiza takataka karibu na bawaba. Mwaka uliofuata Galaxy Z Flip ikaja na nyuzi kama za brashi ndani ya bawaba ili kulizuia vumbi. Simu yangu si ya kampuni hiyo, na ndani yake fundi hakukuta hata unyuzi mmoja.

Gia hizo haziuzwi mojamoja, hivyo nililazimika kulipia bawaba nzima. Sasa pande zinafika pamoja kama siku ya kwanza, na lazima nikiri kwamba mpango wa gia nne ni mzuri mno. Nilipoandika mstari wa kwanza nilitaka kuulaani, na siwezi. Ningeinunua tena kwa ajili ya gia hizo, kama zingezibwa vumbi. Kisha namkumbuka mhudumu na kidole chake, na nafuta niliyosema: kwa kampuni ile sinunui tena. Gia kibogoyo nimeihifadhi kwenye bahasha ndogo, na wiki hii nitairudisha palepale kaunta ili aitazame.