Kipokezi cha GPS chenye PPS kwa kulinganisha saa za seva: uzoefu wangu

Ukinunua kipokezi cha GPS ili kompyuta zako zote zifuate saa moja, usianze na idadi ya setilaiti kinazopokea wala usahihi wa mahali uliochapishwa kwenye boksi. Angalia kwanza kama kina PPS, yaani pigo moja la umeme kila sekunde, na kama pini ya pigo hilo imetokezwa mahali unapoweza kuunga waya. Changu kinayo, na sifa karibu zote nitakazokipa hapa zinatokana na pini hiyo moja.

Nilichonunua ni bodi ndogo ya kipokezi, antena ya nje na kebo yake. Nimekiunga kwenye Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya bodi moja, inayoendesha Linux, ikiwa na gpsd (programu inayosoma kipokezi) na chrony (inayorekebisha saa), na kompyuta hiyo ndiyo inayozigawia saa seva zote za mtandao wa ndani kwa NTP, itifaki ya kulinganisha saa kupitia mtandao. Haja yangu ilikuwa logi, yaani orodha za matukio ambazo kila seva hujiandikia pamoja na saa yake. Tatizo linapopita kwenye seva kadhaa, nataka kujua tukio lipi lilitangulia, na milisekunde chache za tofauti kati ya saa mbili zinatosha kuonyesha jibu limetoka kabla ya ombi kufika.

Kipokezi hutoa vitu viwili, na wengi huvichanganya. Cha kwanza ni sentensi za NMEA, maandishi yanayotaja tarehe, saa na mahali. Kwa kasi ya biti 9600 kwa sekunde, kila herufi inachukua kama milisekunde moja kupita kwenye waya, kwa hiyo sentensi ya herufi 70 inamalizika kufika zaidi ya milisekunde 70 baada ya kuanza kutumwa. Tena haianzi kutumwa pale pale sekunde inapoanza. Kipokezi hukokotoa kwanza, na muda wa kukokotoa hubadilika kadiri setilaiti zinavyoonekana na kupotea. Cha pili ni PPS, ambayo haina maneno yoyote. Volti inapanda pale sekunde inapoanza, kwa kosa la nanosekunde makumi tu. PPS ni kengele inayolia kwa wakati, na NMEA ni mtu anayekuja baadaye kukwambia ilikuwa kengele ya saa ngapi. Unawahitaji wote wawili, ila ukipima kwa yule mtu utakuwa umechelewa daima.

Kwangu tofauti ilionekana mara tu. Kwenye orodha ya vyanzo vya chrony, NMEA peke yake ilikuwa ikiyumba kwa makumi ya milisekunde. PPS ilipoungwa na kufungamanishwa na NMEA, mtetereko ulishuka hadi mikrosekunde chache. Kinachobaki hapo si kosa la setilaiti tena, ni muda ambao prosesa inachukua kuacha kazi yake na kulihudumia pigo. Kuifanya prosesa ikae kwenye kasi moja badala ya kupanda na kushuka kulipunguza mtetereko huo zaidi.

Ndiyo sababu sipendekezi vipokezi vya USB kwa kazi hii. Vingi havina PPS kabisa, na hata vyenye nayo hupitisha habari kwenye njia ambayo kompyuta huichungulia kwa zamu. Kwa USB ya kasi ya kawaida zamu hiyo ni milisekunde moja. Umelipia nanosekunde, halafu unaziacha mlangoni.

Antena inastahili fedha na subira kuliko bodi yenyewe. Ikiwa dirishani huona nusu ya anga, na mawimbi yaliyogonga kuta za jirani huifikia yakiwa yamechelewa. Ikiwa chini ya paa la zege haioni kitu. Yangu iko juu, anga wazi pande zote, na tangu hapo kipokezi hakijapoteza setilaiti. Urefu wa kebo usikutishe: mawimbi huchelewa takriban nanosekunde 5 kwa kila mita, kwa hiyo mita 20 ni nanosekunde 100, kiasi ambacho NTP haikihisi. Kinachofaa kutiliwa mashaka ni viunganishi. Kile kilichokuja na antena yangu kiliingiza maji, kikashika kutu, na nguvu ya mawimbi ikashuka taratibu hadi nikakibadilisha na kukifunga kwa utepe wa kuzuia maji. Kwa kifaa kinachouzwa kukaa nje, huo ni uzembe wa mtengenezaji, na nakipunguzia alama kwa hilo.

Jambo lililonishawishi kuchagua aina iliyotengenezwa mahsusi kwa saa ni hali ya kukaa mahali pamoja. Kipokezi cha kawaida kina mambo manne yasiyojulikana: latitudo, longitudo, urefu kutoka usawa wa bahari, na kosa la saa yake chenyewe. Ndiyo maana kinahitaji setilaiti nne. Hiki changu hujipima mahali kilipo kwa saa kadhaa, kikisharidhika kinaandika mahali hapo kuwa ni pa kudumu, na kuanzia hapo kisichojulikana ni saa tu. Setilaiti moja inatosha. Kitu kikiziba sehemu ya anga hakikiondoi tena kazini.

Sasa kasoro inayotaka macho. Saa ya GPS ilianza kuhesabu tarehe 6 Januari 1980 na haiongezi sekunde za nyongeza zinazowekwa kwenye UTC, saa rasmi ya dunia. Tangu tarehe 1 Januari 2017 iko mbele ya UTC kwa sekunde 18. Setilaiti hutangaza tofauti hiyo, lakini ujumbe wao mzima huchukua dakika 12 na nusu kukamilika. Kipokezi kilichokaa bila umeme hadi kikasahau kila kitu huanza na thamani ya zamani iliyomo kwenye programu yake ya ndani, na kwa dakika hizo kinaweza kutaja saa yenye kosa la sekunde nzima huku pigo lake likiwa sahihi kabisa. Changu kilifanya hivyo. Kuna pia namba ya wiki, ambayo kwenye ujumbe wa awali wa GPS ina biti 10 tu na hurudi sifuri kila baada ya wiki 1024. Ilirudi Agosti 1999, ikarudi Aprili 2019, na itarudi tena Novemba 2038. Kipokezi chenye programu ya kale kinaweza kuamka siku hiyo kikiamini ni karibu miaka 20 iliyopita.

Kwa hiyo seva zangu za NTP za intaneti sikuziondoa. Ziko tatu pamoja na kipokezi, ili kimoja kikidanganya, vingine vikipige kura kitoke. Sioni busara ya kuamini chanzo kimoja, hata kikiwa na saa za atomiki nyuma yake, hasa kwa kuwa mawimbi ya GPS yakifika ardhini ni dhaifu mno na mtambo mdogo unaweza kuyafunika.

Wapo watakaouliza: kama seva za intaneti zipo, kipokezi cha nini? Jibu liko kwenye hesabu ya NTP yenyewe. Mteja na seva huandika nyakati nne, mbili za kwenda na mbili za kurudi, na hesabu huchukulia kwamba safari ya kwenda ni sawa na ya kurudi. Ikiwa moja ni ndefu kuliko nyingine kwa milisekunde 20, saa yako itakuwa na kosa la milisekunde 10, na hakuna namba kwenye skrini itakayokuonyesha. Ndani ya mtandao wangu pakiti hupita swichi mbili tu, na seva zinakaa ndani ya makumi ya mikrosekunde. Nisifu hapa kazi ya David Mills wa Chuo Kikuu cha Delaware, aliyeibuni NTP na kuiandika rasmi mwaka 1985, akafariki Januari 2024 ikiwa bado inaongoza saa za mashine zisizo na idadi. Kila nikisoma jinsi itifaki hii inavyochuja vyanzo vibaya, naona mtu aliyefikiri sana juu ya namna mtandao unavyodanganya.

Usivutwe sana na cheo cha tabaka. Seva iliyoungwa na saa rejea moja kwa moja huitwa tabaka la 1, wanaoifuata ni tabaka la 2, na kuendelea. Lakini aliyeunga NMEA bila PPS naye anajitangaza tabaka la 1 akiwa amekosea kwa makumi ya milisekunde. Tabaka linataja umbali kutoka kwenye chanzo, halitaji ubora.

Kwa anayetaka saa sahihi kwenye kona ya skrini tu, seva za intaneti zinamtosha, asitumie fedha. Kwa anayehitaji chini ya mikrosekunde moja kwenye kila mashine, NTP haitamfikisha bila kadi za mtandao zinazopiga muhuri wa wakati ndani ya maunzi, na hapo aiangalie PTP, itifaki nyingine ya saa iliyoundwa kwa usahihi wa aina hiyo. Katikati ya hao wawili, kwa mwenye hifadhidata, logi, vipimo vya maabara au mtandao uliofungiwa usitoke nje, kifaa hiki nakipendekeza bila kusita.

Upungufu uliobaki ni fuwele ya kwotzi ya kompyuta yenyewe. Kosa la sehemu 20 kwa milioni ni sekunde 1.7 kwa siku, na ingawa chrony hujifunza mwendo huo na kuusahihisha, joto la chumba likibadilika wakati setilaiti hazipo, saa huanza kuteleza. Zaidi ya hapo, Pi ninayotumia haina saa yake yenye betri, ikiwaka huamka bila kujua tarehe. Moduli ya saa yenye betri nimeshaiongeza. Kinachofuata ni kipokezi chenye fuwele inayotunzwa kwenye joto moja, ili antena ikipata hitilafu usiku, seva zisitambue hadi asubuhi nitakapoirekebisha.