Plagi za gari: ipi ununue, ipi uachane nayo (hasa wenye IST na ndugu zake)

Wakuu, kila wiki lazima nipate simu ya mtu anauliza eti nifunge plagi gani, hivi vidude vya kupiga cheche kwenye injini, za ncha ya iridiamu au za kawaida za nikeli, na akipiga huwa tayari yuko Gerezani, kule kwenye maduka ya spea Dar, kasimama mbele ya kaunta, muuzaji anamharakisha na hela kashaishika mkononi. Leo naandika yote mara moja, atakayepiga tena namtumia hii.

Mfano wangu ni injini ya 1NZ-FE maana ndo imejaa barabarani, IST ya cc 1500, Raum, Probox, Runx, zote humo humo. Wenye Subaru na V6 tulieni, nanyi mpo chini huko.

Kabla sijapanga namba moja namba mbili niwape aibu yangu. Kuna safari nilikuwa naenda Iringa, wiki moja kabla nikawa nimefunga plagi nne nilizoambiwa ni iridiamu, kwa bei ambayo nikiikumbuka najicheka mwenyewe, yaani ilikuwa chini hata ya za kawaida za duka la pili yake. Mpaka Morogoro gari safi, Mikumi safi, Ruaha Mbuyuni tumekula samaki safi. Tumeanza kupanda mlima Kitonga, AC nimeshazima, gia nimeshusha kwenye 2, gari ikaanza kumisi, inatetemeka kama mtu mwenye malaria, taa ya injini inawaka na kuzima inawaka na kuzima, nyuma yangu kuna semi dereva ananishushia honi hiyo sina hata pa kumpisha. Nikajikokota hivyo hivyo mpaka Ilula. Pale nikampata fundi mzee mmoja, akafungua koili ya kwanza, ile inayopeleka umeme kwenye plagi, akachomoa plagi, akaishika ile washa yake ya chini, kile kiringi cha chuma, kwa vidole viwili, akaizungusha, ikatoka kirahisi kama pete ya mtu aliyekonda. Akaniangalia. "Kijana wangu, hii ulinunua au uliokota?"

Sasa tuingie kwenye kazi. Kitu cha kwanza kabla ya iridiamu sijui platinamu ni zile herufi na namba zilizoandikwa kwenye kauri, ile sehemu nyeupe ya plagi, maana hapo ndo gari yako inapozungumza. Chukua plagi ya kampuni ya Denso ya hizi 1NZ, imeandikwa K16R-U11. Hiyo K inakwambia umbo lake, uzi wa milimita 14, urefu wa uzi milimita 19, na kichwa kinafunguliwa na soketi ya 16. Namba 16 ni kiwango cha joto. R maana yake ndani kuna rezista, inayozuia cheche isivuruge redio na kompyuta ya gari. U ni ule mfereji mdogo uliochongwa kwenye mguu wa chini, kile kichuma kilichopinda kinachopokea cheche. 11 ni nafasi kati ya ncha na mguu, yaani milimita 1.1. Ndugu yake wa NGK anaitwa BKR5EYA-11, na hapo 5 ya NGK ndo sawa na 16 ya Denso, 6 ni sawa na 20, 7 ni sawa na 22.

Hicho kiwango cha joto watu wengi wanakielewa kinyume. Kwa Denso na NGK namba ikipanda plagi inakuwa ya baridi zaidi, yaani inapeleka joto haraka kwenye injini, na ikishuka inakuwa ya moto, inakaa na joto lake pale nchani. Plagi inatakiwa ifike kama nyuzi 450 hivi za sentigredi ili ijichomee masizi yenyewe, sasa wewe unakaa foleni ya Mandela saa mbili unasogea hatua kumi kumi halafu umefunga plagi ya baridi kuliko uliyoandikiwa, masizi yatakosaje kujaa? Na ya moto kupita kiasi nayo ni balaa jingine, ncha inakuwa kama kaa la moto, inawasha mafuta kabla cheche haijapigwa, na hiyo ndo inatoboaga pistoni. Angalizo kwa wanaopenda Bosch na Champion, kule namba zinaenda kinyume, ikipanda ndo plagi ya moto zaidi, kwa hiyo usilinganishe namba za kampuni mbili kwa macho tu, omba jedwali.

Haya, mpangilio wangu.

Namba moja: nikeli ya kawaida, Denso au NGK, ya kodi ileile, yaani zile herufi na namba za injini yako. Najua wengi mlitaka niseme iridiamu. Kwa IST ya mtu anayekwenda kazini na kurudi, Jumapili kanisani au kwa mjomba Kibaha, K16R-U11 au BKR5EYA-11 orijino inatosha kabisa na chenji inabaki. Ipo pia K16TT ya Denso, nayo ni nikeli ila ncha yake ni nyembamba, milimita 1.5, na mguu wa chini una kincha chake, gari inawaka vizuri asubuhi. Mimi ndo nimefunga hizo sasa hivi. Nikeli ihesabie kilomita elfu ishirini kisha badilisha, usisubiri imisi.

Namba mbili, na kwa baadhi ya watu hii ndo namba moja: iridiamu ya maisha marefu. Kwa familia hii ya injini ni SK16R11 ya Denso au IFR5A11 ya NGK, ndo zile zinazokuja kiwandani kwenye injini za 1ZZ-FE za Corolla. Ncha ya katikati ni iridiamu, mguu wa chini nao una kipande cha platinamu, kwa hiyo hakuna upande unaoliwa haraka, zinakwenda mpaka kilomita laki moja. Iridiamu inayeyuka kwenye nyuzi kama 2,450 na nikeli kwenye 1,455, sababu ndo hiyo. Sasa piga hesabu, dereva wa Bolt anayezunguka kilomita 150 kwa siku, siku sita kwa wiki, kilomita elfu ishirini anazimaliza kwa miezi mitano na kidogo tu. Huyo akifunga nikeli atakuwa gerejini kila mara, na siku ya gereji haina hela. Hata kama iridiamu ni mara tatu au nne ya bei, kwake inarudi.

Na hapa ndo nilikuwa nawatafuta wa Subaru. Injini yenu imelala, plagi zimeangalia pembeni kwenye fremu, mkono wa fundi hauingii vizuri, mara atoe betri mara atoe boksi la hewa. Wenye Harrier ya V6 nanyi zile plagi tatu za nyuma ziko chini ya manifoldi, ile mifereji ya hewa juu ya injini, lazima ifunguliwe. Ufundi wa kuzifikia unaweza kuzidi bei ya plagi zenyewe, kwa hiyo ukifungua mara moja weka za kilomita laki moja usahau. Kuweka nikeli mule ni kujitafutia kesi na fundi wako. Cha muhimu kodi iwe ya injini yenu, msichukue hizi za 1NZ.

Namba tatu: iridiamu za "pawa", yaani Iridium Power ya Denso, zile IK16 na IK20, au Iridium IX ya NGK. Hapa ndo watu wanapigwa bila hata kuuziwa feki. Plagi ni nzuri kweli, ncha ya Denso ni milimita 0.4, nyembamba kama sindano, cheche inatoka kirahisi, gari unaisikia imechangamka. Lakini mguu wake wa chini ni nikeli, unaliwa kama kawaida, na Wajapani wenyewe kwao wanasema zibadilishwe kwenye kilomita elfu ishirini. Umelipia iridiamu ukapata maisha ya nikeli. Kama unapenda mchangamko sawa, nunua, ila usidanganywe kwamba hizo ni za kilomita laki moja. Halafu duka likiwa halina IK16 atakupa IK20 atakwambia zote sawa, wewe ushajua 20 ni ya baridi zaidi.

Namba nne: platinamu. Kama kitabu cha gari yako kinataka platinamu funga platinamu, kama hakitaki sioni sababu, imekaa katikati tu bei na maisha. Twende.

Namba tano ni zile zenye miguu mitatu minne zilizoandikwa resi na moto moto kwenye boksi. Cheche inaruka kwenye mguu mmoja tu kwa wakati, haipigi yote minne. Kuna injini zimetengenezwa kwa plagi za hivyo, za Kijerumani hasa, hizo ni haki yao. IST yako haimo.

Mwisho kabisa, na nisingeiweka kwenye orodha ila watu wananunua: plagi yuzidi, zimepigwa msasa, zimewekwa kwenye bakuli la petroli, zinang'aa. Iridiamu ikipigwa msasa au brashi ya waya ile ncha imekwisha, na huwezi jua ilitembea kilomita ngapi huko ilikotoka. Chukua nikeli mpya, hata bei haitofautiani kiasi cha kuumiza kichwa.

Kutambua feki, nifuate mimi niliyeshaumia. Shika washa ya chini, kwa orijino inacheza kidogo ila haitoki, imebanwa. Maandishi kwenye kauri yawe makali, ukucha usiyafute. Angalia ncha ya katikati na mguu kwa tochi ya simu, vikae mstari mmoja, ikiwa imepinda rudisha. Iridiamu yenye ncha nene kama ya nikeli siyo iridiamu, haijalishi boksi limeandikwa nini. Na kipimo ninachokipenda mimi, yule mzee wa Ilula ndo alinifundisha: mita ya umeme, waya mmoja juu kwenye kichwa, mwingine kwenye ncha ya katikati kule chini, plagi yenye R isome karibu kilo-omu 5. Zangu zilisoma sifuri, zote nne. R ilikuwa imeandikwa kwa wino tu.

Kufunga siyo kazi kubwa kwa 1NZ, koili nne juu, kila moja ina bolti ya 10, dakika ishirini umemaliza. Subiri injini ipoe kwanza, kichwa cha injini ni aluminiamu na uzi wake ni laini. Pulizia vumbi kwenye mashimo kabla hujachomoa, la sivyo mchanga wote unaingia ndani. Plagi ianze kwa vidole, kipande cha mpira wa petroli kinasaidia, ukiona inakataa toa uanze upya, usilazimishe na spana. Ikigota, mpya iongeze nusu mzunguko mpaka theluthi mbili, basi. Fundi akitaka kupaka grisi kwenye uzi mwambie aache, plagi hizi zina mchovyo wake tayari, na grisi inamfanya akaze kupita kiasi bila kujua. Nafasi ya 1.1 usiibadilishe eti "nikupunguzie iwe na nguvu", na kwa iridiamu usiiguse kabisa ile ncha na fila ya kupimia nafasi.

Plagi za zamani usimwachie fundi, zipange kwa mpangilio wa silinda uziangalie. Kahawia ya chai ya maziwa ni afya. Nyeusi kavu, anza na filta ya hewa. Nyeusi yenye oili ndani kwenye ncha, oili inapita kwenye ringi au sili za valvu, plagi mpya haitatibu hapo. Ukikuta oili imejaa nje kwenye lile shimo la plagi, hiyo ni gasketi ya tapeti kava, kile kifuniko cha juu ya injini, ni kazi ndogo. Nyeupe yenye malengelenge, injini inachemka au mafuta hayafiki vizuri. Na ile pete ya kahawia kwenye kauri juu ya chuma isikutishe, mafundi wengi wanasema plagi inavuja gesi, ni umeme tu unavuta vumbi la oili pale.

Kama una injini nyingine usichukue kodi hizi za 1NZ kisa zinaingia. Injini mpya mpya zina plagi za uzi mrefu zaidi, fupi ikifungwa mle uzi uliobaki unajaa masizi, na ndefu ikifungwa kwenye injini ya fupi inaweza kugongana na pistoni. Niandikieni kodi ya injini iliyo kwenye kibati chini ya boneti, siyo "nina Toyota ya silva".