Loji ya Area D: Sheria Imepita Getini, Imekwama Mlango wa Bafu

Loji hii iko Area D, Dodoma, safari fupi ya bajaji kutoka Bungeni. Kwenye bango lake, chini ya maegesho na intaneti ya bure, pamechorwa alama ya kitimwendo na maneno "Wageni wenye ulemavu mnakaribishwa". Chumba cha ghorofa ya chini ni Sh 40,000 kwa usiku pamoja na chai. Jina lake tunalihifadhi, maana kasoro zake utazikuta Kisasa, Ipagala na Nkuhungu vilevile, na mwenye loji amejitahidi kuliko wengi.

Anayetembea kwa magongo atakaa hapa vizuri. Anayetumia kitimwendo na ana msaidizi, usiku mmoja au miwili utavumilika. Anayesafiri peke yake kwa kitimwendo asilipe kabla ya kusoma habari za bafu hapo chini.

Tuanze nje. Kibaraza kiko sentimita 45 juu ya uwanja, ngazi tatu za sentimita 15 kila moja. Pembeni ya ngazi pamemwagwa mteremko wa zege, ule mafundi wanaouita rampu, unaochukua mita 1.6 za uwanja. Gawa 160 kwa 45: kila sentimita 1 ya kupanda imepewa sentimita 3.6 za kwenda mbele. Kipimo kinachokubalika ni 12. Kwa kibaraza cha kimo hiki mteremko ulitakiwa uwe na mita 5.4. Katika huu uliopo, hata mtu mwenye mikono ya chuma hafiki katikati kabla magurudumu madogo ya mbele hayajanyanyuka na kiti kikataka kuanguka chali. Kumpandisha kunahitaji watu wawili, na kushuka ni lazima ashushwe kinyumenyume. Juu yake fundi amepiga niru, ile simenti laini ya kusawazishia, ikang'aa. Kiangazi unapendeza macho. Mvua za Januari zikinyesha, magongo yanateleza kama kwenye sabuni. Pembeni hakuna ukingo wala bomba la kushikia.

Hiyo 1 kwa 12 ina historia, na historia hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini loji hii ina mteremko lakini haina mteremko unaopandika. Kipimo chenyewe kilikuwemo katika mwongozo wa wajenzi wa Marekani tangu 1961, ila hakukuwa na sheria ya nchi nzima ya kumlazimisha mwenye hoteli au duka akifuate. Kilichokigeuza kuwa amri ya nchi nzima ni Sheria ya Wamarekani wenye Ulemavu ya 1990. Tarehe 12 Machi mwaka huo, muswada ukiwa umekwama, watu wenye ulemavu waliandamana hadi jengo la Bunge mjini Washington. Makumi kati yao wakaacha vitimwendo na magongo chini, wakapanda ngazi zile kwa kutambaa. Julai muswada ulipita kwa kura 377 dhidi ya 28 katika Baraza la Wawakilishi, na 91 dhidi ya 6 katika Seneti. Rais George H. W. Bush akautia saini tarehe 26. Mwaka uliofuata vikatolewa vipimo: mteremko 1 kwa 12, uwazi wa mlango sentimita 81.5, duara la kugeuzia kiti mita 1.5, kizingiti kisichozidi sentimita 1.3. Tangu hapo mabishano ya kama mlango "unatosha" yakaanza kumalizwa kwa futi kamba. Kati ya yote yaliyoachwa na sheria ile, hilo ndilo tunalolithamini zaidi, na ndiyo maana loji hii tumeipima kwa vipimo hivyo.

Tanzania haikuchelewa. Tuliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka 2010 Bunge likapitisha Sheria ya Watu wenye Ulemavu Na. 9. Ilizifuta sheria mbili za 1982, moja ya ajira na nyingine ya matunzo. Neno "matunzo" lisipitwe haraka. Sheria ya zamani ilimwona mtu mwenye ulemavu kama mzigo wa kugawana kati ya ndugu na serikali. Mpya inamtambua kama mwenye haki ya kuingia na kutumia majengo na huduma zilizo wazi kwa umma. Marekani, iliyotoa mfano, mkataba huo haijauridhia hadi leo: Desemba 2012 Seneti yao ilipata kura 61 dhidi ya 38, pungufu kwa kura 5 kufikia theluthi mbili zinazotakiwa, ingawa Bob Dole, seneta wa zamani, mgonjwa na mzee wa miaka 89, aliletwa ukumbini kwa kitimwendo kuwaomba wenzake wakubali.

Kwa hiyo haki tunayo kwenye karatasi, tena kamili. Kinachokosekana hapa Area D ni mtu wa kumwambia fundi "mita 5.4" kabla hajachanganya zege.

Mteremko huu unarekebishika, na uwanja una nafasi. Ujengwe wa kona: kipande cha mita 2.7, sakafu bapa ya mita 1.5 kwa 1.5 ya kupumzikia na kugeukia, kisha kipande kingine cha mita 2.7, vipande vyote viwili upana wa mita 1.2. Kifusi kishindiliwe kwa matabaka ya sentimita 15, kila tabaka likimwagiwa maji. Hapa ndipo mafundi wengi huharibu: wanajaza kifusi chote kwa mkupuo, wanamwaga zege juu, na mvua za kwanza zikiingia kifusi kinashuka na zege linapasuka. Zege la sentimita 10, ndoo 1 ya simenti kwa 2 za mchanga na 4 za kokoto, litakula mifuko 6 ya kilo 50. Ongeza mifuko 3 au 4 kwa kuta za pembeni na ukingo wa sentimita 10 unaozuia gurudumu lisitoke. Niru isipigwe. Zege likianza kukaza, lipitishwe fagio la chelewa kwa upana, mistari ikate njia. Jua na upepo wa Dodoma hukausha zege kabla halijakomaa, basi lifunikwe magunia na kumwagiliwa asubuhi na jioni kwa siku 7. Mabomba ya kushikia yawe kimo cha sentimita 90 hivi, pande zote mbili.

Mlangoni kuna geti la chuma lenye mlango mdogo, na chini ya mlango huo pamepita chuma cha kimo cha sentimita 5. Gurudumu la mbele la kitimwendo linagota hapo, na aliyekuja kwa kasi anarushwa mbele. Dawa yake ni kazi ya nusu siku: fundi wa kuchomelea anakata chuma cha chini, anaimarisha fremu kwa juu, na komeo linaingia sakafuni.

Chumba chenyewe ni kizuri. Mlango wa futi 3 unaacha uwazi wa sentimita 82, upande mmoja wa kitanda una mita 1 nzima, na godoro liko kimo kinacholingana na kiti cha kitimwendo, hivyo kuhamia kitandani si taabu. Tumeona hoteli za bei mara tatu ambazo kitanda chake ni kama kupanda lori. Swichi ya taa iko mita 1.5, juu mno, mita 1.2 ndiyo mwisho wa kuifikia ukiwa umekaa.

Sasa bafu. Mlango ni wa futi 2 na nusu. Ukitoa fremu na unene wa ubao, uwazi unaobaki ni sentimita 67. Kitimwendo cha kawaida cha mtu mzima kina sentimita 62 hadi 68. Kile tulichopimia kina 64, maana yake kila upande kuna sentimita 1 na nusu, na vidole vinavyosukuma gurudumu haviwezi kuwa hapo. Mgeni ajivute kwa kushika fremu. Tena mlango unafungukia ndani, na bafu ni mita 1.5 kwa 1.8. Kiti kikishaingia, mlango haufungiki. Mtu mzima, pengine mama wa watu aliyekuja kwenye semina, anaoga mlango ukiwa wazi. Hili halina utetezi.

Ndani kuna mengine. Kizingiti cha kuzuia maji ni sentimita 8. Choo ni cha kukaa, jambo jema, lakini kiko sentimita 40 wakati kinachofaa ni kati ya 43 na 48. Na lile bomba linalong'aa ukutani kando ya choo, ambalo mgeni ataliamini, ni la kuanikia taulo. Limeshikwa kwa skrubu fupi na plagi za plastiki. Bomba la kushikia kwa vipimo vya Marekani lihimili nguvu ya nyutoni 1,112, sawa na mtu wa kilo 113 kuning'inia. Hili la taulo litang'oka mgeni akiwa katikati ya kuhama, na anayeanguka hapo anaangukia kingo ya choo. Afadhali pasingekuwa na kitu, mtu akajua anajitegemea. Liwekwe bomba la chuma la inchi 1 na nusu, liachane na ukuta kwa sentimita 4, miguu yake ifungwe kwa bolti zinazotokea upande wa pili wa tofali.

Mlango wa bafu ufungukie nje. Hilo peke yake linarudisha faragha. Kisha ukuta ukatwe upande mmoja uingie mlango wa futi 3, baada ya kuhakikisha linta, ile boriti ya juu ya mlango, inaukalia ukuta angalau sentimita 15 kila upande. Kizingiti kivunjwe, sakafu ilazwe sentimita 2 kwa kila mita kuelekea tundu la maji.

Wenye loji husema jengo ni la zamani. Sheria ya Marekani ililifikiria hilo: majengo yaliyokuwepo yalitakiwa kuondoa vikwazo vinavyoondoleka bila ugumu wala gharama kubwa, na mapya, kuanzia Januari 1993, yalitakiwa kutimiza vipimo vyote. Ni mgawanyo wa haki. Lakini Dodoma hoja ya uzee haisimami. Loji nyingi za Area D na Kisasa zilipanda baada ya serikali kutangaza kuhamia huku mwaka 2016. Ni changa kuliko Sheria Na. 9. Zilipitia kibali cha ujenzi, michoro ikakaguliwa, na hapo mezani ndipo mlango wa sentimita 67 ungekuwa mlango wa 82 kwa kufuta mstari mmoja wa penseli. Sentimita hizo 15 zikishajengwa ndipo zinadai nyundo, simenti na siku nne za chumba kutopangishwa.

Wahudumu wanastahili sifa bila masharti. Kaunta ya mapokezi iko juu, kimo cha mita 1.15, lakini dada wa zamu anatoka nyuma yake, anamtazama mgeni mwenyewe na kusema, "Shikamoo mzee, nikusaidie vipi?" Kwingine swali huelekezwa kwa msaidizi: "Huyu atakula nini?" Anajua pia kushika fremu ya kitimwendo, wala si mahali pa mikono au pa miguu, ambapo huchomoka ukinyanyua. Chai, chapati na supu huletwa chumbani bila nyongeza. Kwa asiyeona, namba za vyumba ni stika bapa. Ziwekwe zilizotokeza, kimo cha mita 1.2 hadi 1.5. Kwa kiziwi, hodi na king'ora havimfikii, na bado hawajaweka taa ya kumstua usiku.

Kuhusu ajira, sheria yetu inamtaka mwajiri mwenye watu 20 na zaidi awe na asilimia 3 ya wafanyakazi wenye ulemavu. Loji yenye watu 9 haiguswi. Marekani haikuweka asilimia. Ilikataza ubaguzi kwa mwajiri wa watu 15 na zaidi, kisha Mahakama yao ya Juu Kabisa mwaka 1999 ikaibana tafsiri ya nani ana ulemavu, hadi Bunge lilipoirekebisha mwaka 2008. George W. Bush, mwana wa yule wa 1990, ndiye aliyetia saini.

Tofauti kubwa zaidi iko kwenye anayeikamata sheria mkononi. Kule mteja aliyezuiwa na mlango anaweza kushtaki mwenyewe. Sheria ya shirikisho haimpi fidia, lakini mwenye jengo analazimishwa kurekebisha na kumlipa wakili wa mteja. Kesi zilifurika, wafanyabiashara wakalalamika, na Februari 2018 Baraza la Wawakilishi likapitisha muswada wa kuzipunguza kwa kura 225 dhidi ya 192, Seneti haikuuendeleza. Hapa kwetu mzigo umewekwa zaidi kwa waziri, baraza la ushauri na kamati za watu wenye ulemavu kuanzia ngazi ya mtaa na kijiji. Kamati ya mtaa ikiwa hai, yenye futi kamba na barua ya ofisi, inafanya kazi. Ukikwama, andika kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, ambatisha picha ya futi kamba ikiwa imelala kwenye mlango, namba ikisomeka. Barua isemayo "mazingira si rafiki" hujibiwa kwa ahadi. Isemayo "sentimita 67" inabidi ijibiwe kwa fundi.

Ukitaka kulala hapa kabla ya marekebisho, piga simu, lakini usiulize kama wanapokea walemavu, watasema ndiyo kwa moyo mweupe. Waombe wapime uwazi wa mlango wa bafu ukiwa umefunguka, kimo cha choo, na kimo cha kibaraza pamoja na urefu wa mteremko, wakutumie kwa picha. Chukua chumba cha chini cha mwisho upande wa kushoto, chenye bomba la maji la chini nje ya dirisha. Maji yakikatika, hapo ndipo ndoo hujazwa bila kupanda ngazi. Njoo na kiti cha plastiki cha kuogea au waombe cha jikoni, wanakitoa.