Uzi wa kufumia nguo za mtoto: hesabu mafundo kabla ya kuhesabu hela

Mwezi wa tatu mteja wangu wa Tabata, hapa Dar es Salaam, alinipigia simu saa mbili usiku. Nilikuwa nimemfumia seti ya mtoto kwa ajili ya arobaini: sweta, kofia na soksi, rangi ya krimu, na utepe wa kijani kwenye kofia. Nikadhani mtu kaipenda ile seti, anataka kuagiza na yeye. Kumbe mtoto alikuwa analia tangu alasiri, hanyonyi, halali, na bibi yake ameshamkanda tumbo akidhani ni mchango. Walipomvua soksi ili wamwogeshe ndipo wakaona kidole cha pili cha mguu wa kushoto kimevimba, chekundu kama nyanya. Uzi mwembamba kama unywele ulikuwa umejizungusha kwenye shina la kidole na kukaza. Walikimbia zahanati, ukakatwa kwa mkasi mdogo. Mtoto mzima, alhamdulillahi.

Niliiomba ile soksi. Nikaigeuza nje ndani, nikaisogeza kwenye taa. Pale ncha ya vidole palikuwa na fundo lililofunguka, na mkia wake ulikuwa umechambuka nyuzi nyuzi. Mmoja wa nyuzi hizo ndio uliomkamata mtoto. Fundo lile sikulifunga mimi. Lilikuja humo humo ndani ya bonge la uzi, mimi nikalipitisha na sindano ya kroshia huku nikizungumza na jirani, nikasonga mbele.

Toka siku ile sinunui uzi kwa macho yaleyale. Nyuzi kujizungusha kwenye vidole vya watoto wachanga ni jambo ambalo madaktari wanalijua vizuri. Husababishwa na unywele wa mama au uzi uliolegea ndani ya soksi na glavu, na kidole kikikosa damu kwa muda mrefu kinaweza kufa. Mtoto wa mwezi mmoja hawezi kukuonyesha panapouma. Analia tu, na sisi tunamtafutia dawa ya tumbo.

Kwa hiyo hapa sitawaambia habari za rangi, mtachagua wenyewe. Ulaini nao utausikia ukiupitisha uzi shavuni, huhitaji mimi. Ninachotaka tukiangalie ni mafundo, maana karibu kila anayeniuliza "ninunue uzi gani" hajawahi kuyafikiria.

Fundo linatoka wapi? Uzi wa kufumia ni nyuzi nyembamba kadhaa zilizosokotwa pamoja. Kiwandani uzi mmoja ukikatika au ukiisha, unafungwa na mwingine, mashine inaendelea. Kwa hiyo fundo moja ndani ya bonge si ajabu popote duniani. Balaa liko kwenye ule uzi unaokuja kwenye koni kubwa kisha unakunjwa upya mitaani kuwa mabonge madogo, bila lebo. Humo mabaki ya koni hii hufungwa na mabaki ya koni ile, rangi zinakaribiana lakini si moja, na fundo lenyewe limefungwa kwa haraka. Lile bonge langu la krimu lilikuwa la namna hiyo. Baada ya simu ile niliyafumua mawili yaliyobaki. Moja lilikuwa na mafundo manne. La pili matano. Gramu mia kila moja, ndivyo nilivyoambiwa, na kwenye mizani ya jikoni moja likasoma 83 na jingine 79.

Njia ya kukagua ni hii, na haihitaji kifaa. Ukifika nyumbani, kabla ya kufuma hata kitanzi kimoja, geuza stuli miguu juu. Zungusha uzi kwenye miguu miwili huku ukiupitisha katikati ya dole gumba na kidole cha shahada. Usitazame runinga. Fundo utalisikia likigonga ngozi, hata likiwa dogo kama punje ya mtama. Likifika, kata. Usilifungue, usilivute kulijaribu, kata sentimita mbili tatu kila upande, halafu kunja kila kipande peke yake. Vipande virefu vifumie sweta, na pale unapounganisha acha mkia wa urefu wa kidole cha kati na zaidi, uuzamishe kwa sindano butu: nenda, rudi, nenda tena. Maungio yawe kwenye mshono wa ubavuni. Kwenye soksi na glavu za mtoto usiunge kabisa. Jozi moja ya mtoto mchanga inanila gramu 20 hivi, kwa hiyo hakuna sababu ya kushindwa kupata kipande kizima.

Sasa orodha yangu, kuanzia ninaoupenda.

Wa kwanza: YarnArt Jeans. Sifichi, huu ndio wangu. Unatengenezwa Uturuki, bonge la gramu 50 lenye mita 160, pamba asilimia 55 na akriliki, yaani nyuzi za kiwandani, 45. Kwa hali ya hewa yetu mchanganyiko huo ni sawasawa kabisa: pamba inanyonya jasho, akriliki inazuia nguo isilegee na kuning'inia baada ya kufuliwa. Watu wa Dar tunawavalisha watoto sweta na kofia hata mwezi wa pili jua linapochoma bati, hilo sitagombana na bibi wa mtu. Lakini basi angalau sweta liwe na pamba. Nafumia sindano ya milimita 3 na kitambaa kinatoka kimeshikamana, hakina matundu makubwa ya kunasa kidole.

Ila kilichonifanya niuweke juu ni ukubwa wa bonge. Gramu 50 ni kama soksi jozi moja na kofia ndogo. Unaanza na kumaliza ndani ya bonge moja, hukutani na maungio ambayo hukuyapanga. Toka mwezi wa nne nimeshakunja upya mabonge 14 kwenye stuli yangu, sijakata fundo hata moja. Niliyakunja yote mpaka mwisho, siyo kwa kuonja onja.

Wa pili: Alize Cotton Gold. Mturuki mwingine, mchanganyiko ule ule wa 55 kwa 45, lakini bonge ni gramu 100 lenye mita 330. Ukitaka kufuma shali la kumbebea mtoto au sweta la mwaka mmoja, chukua huu, maana mita nyingi kwa mkupuo mmoja ni maungio machache. Kwangu unakuwa wa pili kwa sababu kazi zangu nyingi ni soksi na kofia, na nikiwa na rangi sita za gramu 100 hela yangu yote imelala kabatini.

Wa tatu, na kwa mapambo ndio wa kwanza: uzi wa pamba tupu uliong'arishwa, namba 10. Huu ndio wa vitambaa vya makochi, vya meza, vya kufunika jagi, na zile nyota na maua tunayoyakausha kwa maji ya wanga. DMC ya Ufaransa na Anchor ndio majina yanayojulikana. Namba ikipanda uzi unakuwa mwembamba zaidi, kwa hiyo anayeanza asikimbilie 20 au 30, ataumia macho. Namba 10 na sindano ya chuma ya milimita 1.5 zinapatana. Kung'ara kwake si rangi ya kupaka. Pamba hulowekwa kwenye magadi makali yanayoitwa sodiamu haidroksidi, inavimba, inakuwa na nguvu na inashika rangi. Mwingereza John Mercer ndiye aliyeligundua jambo hilo mwaka 1844.

Kwenye kitambaa cha kochi fundo halimuumizi mtu, lakini linaonekana. Ule wavu mwembamba hauna pa kulificha. Unafuma raundi kumi na nane, unatandaza, unaona uvimbe mmoja pale pale kwenye ua la katikati, na mgeni anapoketi jicho lake linatua hapo. Mama yangu alikuwa anafumua kitambaa kizima kwa fundo moja. Nilikuwa namwona ana makuu. Sasa na mimi nafumua.

Wa nne: uzi wa velveti, ule mnene wenye manyoya mafupi kama mahameli. Himalaya Dolphin Baby ndio unaotafutwa sana, gramu 100, mita 120, poliesta tupu. Blanketi lake linapendeza mkononi na midoli inatoka mizuri. Kwa nguo ya kumgusa mtoto mwili mzima Dar es Salaam, hapana. Poliesta hainyonyi jasho, mtoto anaota vipele shingoni. Na kwa habari yetu ya mafundo, huu ni mgumu kukagua kwa sababu manyoya yanalifunika fundo, dole gumba halisikii kitu. Ukiukata, ncha inapukutisha manyoya, na mtoto kila kitu anapeleka mdomoni. Midoli sawa, tena choma ncha kidogo kwa kiberiti ziyeyuke zishikane kabla ya kuzizamisha ndani ya pamba.

Akriliki tupu yenye lebo inafaa kwa sweta la mtoto anayepelekwa kwenye baridi ya Njombe au Lushoto, ifuliwe mara mbili kwanza ilainike. Usiipige pasi ya moto, inayeyuka.

Uzi usio na lebo fanyia mapambo ya ukutani na vishikio vya pazia. Basi.

Nilirudi na yale mabonge mawili Kariakoo. Nilishuka kituo cha Msimbazi kwa basi la mwendokasi nikiwa na mfuko, mizani ndogo na ile soksi ndani. Muuzaji hakuwa mkali, alikuwa ananisikiliza huku anahesabu chenji ya mtu mwingine. Akaniambia, "Mama, mzigo ukishatoka dukani haurudi, si unaona tangazo?" Tangazo lilikuwepo kweli, limebandikwa nyuma yake, nusu limefunikwa na mafungu ya riboni. Nikamwekea bonge kwenye mizani. Akasema mizani za jikoni haziaminiki. Nikamwomba apime kwa yake. Akasema hawauzi kwa kilo, wanauza kwa bonge. Sasa ile "gramu mia" aliyonitamkia wakati nanunua ilikuwa ya nini?

Sikuwa nadai hela tu. Nilitaka ajue anachouza kinakwenda kwenye mguu wa mtoto. Nilimwonyesha soksi. Aliitazama, akasema pole mama, akaendelea na chenji.

Wa mitandaoni nao wana shida yao. Picha nzuri, rangi thelathini zimepangwa, ukiuliza bei unaambiwa njoo inboksi. Ukienda inboksi bei inategemea umeandikaje na picha yako ya wasifu ikoje. Mimi na dada mmoja wa Mbagala tulitajiwa bei mbili kwa bonge lile lile, siku ile ile. Andikeni bei, jamani. Na mtutumie picha ya lebo upande wenye gramu na mita, siyo wa mbele wenye maua. Lebo ikishatolewa, hata namba ya rangi na ya mkupuo, yaani ya uzi uliotiwa rangi pamoja, inapotea, ukiishiwa katikati ya shali huwezi kupata mwenzake.

Bei ikipanda tunaambiwa ni dola. Nakubali, uzi unatoka nje. Lakini mwishoni mwa 2024 shilingi ilipopata nguvu mimi sikuona bonge limeshuka hata mia tano. Na kinachoniuma zaidi ni kwamba pamba yenyewe tunayo. Simiyu na Shinyanga mashamba yanakuwa meupe, wakulima wanavuna, halafu sehemu kubwa inasafirishwa nje ikiwa pamba ghafi bila kusokotwa. Kiwanda cha nguo cha Urafiki pale Ubungo kilijengwa kwa msaada wa China na kikafunguliwa 1968. Kusokota na kufuma kwa mashine si ugeni kwetu. Mimi ningelipa hata zaidi ya ninavyolipa sasa kwa bonge la gramu 50 la pamba ya Maswa kule Simiyu, lenye lebo inayosema ukweli.

Kwa sasa naagiza kwa dada mmoja ambaye anakubali jambo moja ninalolitaka: nikikuta zaidi ya fundo moja ndani ya siku tatu, anabadilisha. Anazidi wengine kwa shilingi elfu moja kwa bonge, nami nampa. Ukipata muuzaji, mwulize hilo kabla hujatoa hela, na umwombe akuandikie kwenye risiti au kwa ujumbe wa simu. Akisita, shukuru, ondoka, maduka ni mengi.

Mteja wa Tabata ameagiza tena, jambo ambalo sikulitegemea. Anataka soksi jozi mbili na kofia, krimu vilevile. Jumamosi nimechukua mabonge mawili ya Jeans na jana usiku nimeyapitisha yote kwenye stuli. Yako safi. Soksi ya kwanza nimeifikisha kwenye kisigino, nikiimaliza naigeuza nje ndani na kuipitisha kidole changu kidogo mpaka mwisho kabla sijaanza ya pili.