Kibanda cha vitabu vya mtumba, Iringa mjini: niliagiza kitabu cha maisha ya Waziri Mkuu wa Uingereza wa 1964, kikapatikana

Nianze na kitu nilichokuwa nakitafuta, maana huwezi kupima huduma ya huyu kijana bila kujua ugumu wa kazi niliyompa.

Baba yangu ana miaka 83. Januari 1964 alikuwa askari wa Tanganyika Rifles, jeshi la Tanganyika la wakati ule, kambi ya Kolito, Dar es Salaam. Hakuwa kinara wa lolote, ila alikuwemo. Usiku wa kuamkia tarehe 20 askari waliwafungia maofisa wao wa Kiingereza, wakidai mishahara na maofisa Waafrika. Alfajiri ya tarehe 25 makomando wa Kiingereza wakashushwa kwa helikopta kutoka meli ya Centaur, baada ya Mwalimu Nyerere kuomba msaada. Jeshi likavunjwa. Baba akarudi Kalenga na sanduku la bati na suruali moja ya kiraia. Tangu hapo ana swali moja: kule London, aliyesema "nendeni" alikuwa mtu gani?

Mimi ni mwalimu wa historia. Miaka yote nilikuwa namjibu kwa jina tu, Alec Douglas-Home, Mskoti, chama cha Conservative. Jina tupu halikumtosha.

Kibanda hiki kiko jirani na Soko Kuu, hakina bango. Vitabu vimepangwa sakafuni juu ya turubai na vingine kwenye maboksi ya ndizi. Nilipomweleza shida yangu kijana hakucheka wala hakuniambia "njoo kesho." Alichukua daftari, akaandika jina kama nilivyomtajia, akaniomba nimwandikie mwenyewe ili herufi zisikosewe. Vizuri alifanya hivyo, kwa sababu jina hili ni mtego: linaandikwa Home, linatamkwa Hyum. Nikaacha elfu tano ya kianzio. Wiki ya tatu akanipigia: "Shikamoo Mwalimu, mzee wako wa Skotilandi amefika." Jumla ilikuwa elfu kumi na tano pamoja na nauli ya basi kutoka Dar.

Kasoro niitaje bila kuficha. Nilifika nyumbani Kihesa, nikafungua, nikakuta kurasa kumi na sita zimenyofoka katikati, tena ndizo zinazoanzia mwisho wa 1963. Niliumia. Jioni ile nilikuwa nimemwahidi Baba kumsomea hapo hapo. Kesho yake nikarudi na kitabu, nimejiandaa kugombana. Kijana akakihesabu ukurasa kwa ukurasa, akasema kosa ni lake, alipaswa kukikagua kabla hajachukua hela. Akampigia muuzaji mwenzake wa Dar ambaye alikuwa na nakala nyingine. Saa mbili baadaye picha za kurasa zote zikaingia kwenye simu yake. Akazichapisha stationari ya jirani kwa hela yake, akazikata kwa rula, akazibandika kwa gundi mahali pake. Ukurasa mmoja una kidole gumba cha yule mwenzake pembeni, kucha imekatwa vizuri, kimefunika nusu ya mstari wa mwisho. Bado unasomeka.

Sasa Baba anasikiliza kila jioni, miguu karibu na jiko la mkaa, maana baridi la Iringa mwezi wa saba halina huruma. Mimi nasoma Kiingereza kimoyomoyo, natoa Kiswahili kwa sauti.

Jambo lililomkamata zaidi ni hili. Mwaka 1940 mwanasiasa huyu alipatikana na kifua kikuu cha uti wa mgongo. Akafanyiwa upasuaji, akalala kama miaka miwili amefungwa plasta, hawezi kujigeuza, anasoma tu. Alisoma hata Marx. Kabla ya hapo alikuwa msaidizi wa bungeni wa Neville Chamberlain, Waziri Mkuu wa wakati huo, na mwaka 1938 walikwenda pamoja Munich kuonana na Hitler, wakamkubalia achukue sehemu ya Chekoslovakia. Hilo Baba alilikemea waziwazi: "Walimpa nchi ya watu." Nami nakubaliana naye. Lakini habari ya plasta ilimnyamazisha. Akaniomba nirudie.

Kisha tukafika Oktoba 1963, na hapa ndipo zile kurasa zilizobandikwa zilipotusaidia. Douglas-Home alikuwa lodi wa kurithi, Earl wa 14 wa Home, cheo kilichokuwa kwenye ukoo wao tangu 1605. Tarehe 19, Waziri Mkuu Macmillan akiwa amejiuzulu, yeye akawa Waziri Mkuu. Waziri Mkuu anayekaa kwenye Baraza la Malodi angeonekana hajachaguliwa na mtu, na sheria mpya ya mwaka ule ilikuwa imeruhusu kuvua cheo. Tarehe 23 akakivua. Kwa wiki mbili hivi Uingereza ikawa na Waziri Mkuu ambaye si lodi wala mbunge, anazunguka vijiji vya Kinross na Perthshire Magharibi kuomba kura kama mgombea yeyote. Alishinda uchaguzi ule mdogo Novemba. Baba aliuliza, "Akivua, mwanawe atarudishiwa?" Nikamwambia ndiyo, cheo kinalala mpaka baba afe. Akatikisa kichwa. Yeye sare aliyovua haikumrudia mtu.

Kwa hiyo Januari 1964 huyu bwana alikuwa na miezi mitatu tu madarakani. Ndani ya wiki moja majeshi yaliasi Tanganyika, Uganda na Kenya, na serikali yake ikapeleka askari kote kuliko­omba. Oktoba 15 mwaka uleule akashindwa uchaguzi kwa wembamba: Labour ya Harold Wilson viti 317, Conservative 304. Hakufikisha mwaka Ikulu ya kwao. Tulipofika kwenye tarakimu hizo Baba alisema polepole, "Basi wote tulifukuzwa mwaka mmoja." Niliacha kusoma kidogo.

Miaka ya 1970 hadi 1974, akiwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Edward Heath, ndiyo sehemu ninayomlaumu. Novemba 1971 alitia saini makubaliano na Ian Smith, kiongozi wa serikali ya Wazungu wa Rhodesia (Zimbabwe ya leo), ambayo yangewaacha Waafrika wa huko wasubiri utawala wao miaka mingi. Tume ya Pearce, iliyotumwa na Uingereza, ikaenda kuwauliza wenyewe, wakakataa, na mapatano yakafa. Namheshimu kwa kukubali kwamba waulizwe. Kwa kutaka wasubiri, simheshimu.

Nirudi kibandani. Bei hazikuandikwa, uliza mapema. Mvua ikinyesha anafunga, na vitabu vya chini vina harufu ya unyevu, hivyo pepeta kurasa zote ukiwa palepale na uhesabu kabla hujalipa. Vya shule ni vingi, riwaya za Kiswahili wastani, historia chache ila anaagiza. Kianzio anaandika kwenye daftari na kukupa karatasi yenye saini. Ninampa nyota tano, na ile ya tano ni ya zile kurasa kumi na sita.

Jumamosi nilimpeleka Baba mwenyewe kwa bajaji. Kijana akampa kiti, akamsalimia "Kamwene, mzee," akamuuliza Kolito ilikuwa wapi. Baba akamwambia siku hizi panaitwa Lugalo, jina la hapa kwetu, pale njia ya Morogoro ambapo Mkwawa alimpiga Zelewski, kamanda wa Wajerumani, mwaka 1891. Kijana hakuwa analijua hilo. Wakakaa wanaongea mpaka wenye maduka ya jirani wakaanza kufunga, nami nikaacha elfu tano nyingine. Baba sasa anamtaka Wilson.